Sinia, Ubao na Mahali pa Mtu

Katika nyumba niliyolelewa mimi, chakula cha mchana cha wanaume kililiwa kwenye sinia moja, na mtoto wa kiume alipofikia umri wa miaka sita au saba, akiisha kuweza kunawa mwenyewe bila ya maji kumchuruzika mpaka viwikoni, alitolewa jikoni kwa mama zake akapelekwa kukaa mkekani pamoja na wazee. Hapakuwa na mtu aliyemsomea kanuni za mahali pale. Kwanza alipewa birika na bakuli, akawamiminia maji wakubwa mmoja mmoja, akianza na mgeni kama yupo, taulo i begani mwake, na wote walipokwisha kunawa ndipo naye akanawa, akakaa upande na kukunja goti ili bega lake lisichukue nafasi ya jirani. Wali ulikuwa mbele yake kama ulivyokuwa mbele ya kila mtu, na kitoweo kimewekwa katikati. Naye akatambua kwa kutazama tu kwamba lile fungu la wali linalomkabili ndilo shamba lake, kwamba mkono wa kushoto hauna kazi pale, kwamba tonge lake haliingii kinywani kabla ya tonge la mkubwa, na kwamba kitoweo hakiguswi mpaka mkubwa wa sinia akigawe.

Kanuni hii ya mwisho niliivunja siku yangu ya tatu. Palikuwa na nguru wa kupaka, na mnofu mmoja uliojitenga na mfupa ulinivuta kwa namna ambayo mtoto mwenye njaa haistahimili; nikapeleka mkono. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa sinia, hakunipiga wala hakunikemea, wala hakuyakatiza mazungumzo yake juu ya bei ya nazi. Aliuondoa ule mnofu vidoleni mwangu taratibu, kama mtu amtoaye mtoto mwiba, akauweka mbele ya mgeni, akaendelea kugawa kwa kadiri ya umri na daraja, na ilipofika zamu yangu, ya mwisho kabisa, akanisogezea kipande kikubwa kuliko kile nilichokuwa nimekitamani. Tangu siku hiyo mkono wangu haukwenda tena katikati ya sinia, na sababu si hofu, kwani sikuogopeshwa. Sababu ni kuwa nilifahamu, kwa ufahamu ule anaoupata mtoto kabla hajapata maneno yake, kwamba fungu langu lilikuwa likijulikana na mtu mwingine kabla mimi sijalidai.

Suala la namna mtu anavyojifunza kuwa mmoja miongoni mwa watu limewashughulisha wenye elimu wa mashariki na wa magharibi kwa karne nyingi, nao wameliandikia vitabu vyenye thamani. Lakini kila ninapoyapima waliyoyasema, fikira yangu hurejea pale mkekani. Naona ya kuwa mtu hawi mwanajamii kwa kuambiwa sheria za jamii, bali kwa kupewa mahali pake ndani yake, mahali penye fungu la kupokea na kazi ya kuwafanyia wengine. Na kila chombo cha malezi tulichopata kuwa nacho katika nchi zetu za pwani, kuanzia chuo cha Kurani na jando hata shule ya serikali, kimefaulu kwa kadiri kilivyotoa mahali hapo, na kimeharibu kwa kadiri kilivyodai utii pasipo kutoa fungu.

Lugha yenyewe inatupa dalili. Tuna neno kulea, ambalo ni kumtunza mtoto ashibe, asianguke, akue; na tuna neno kufunda, ambalo katika maana yake ya kale ni kutwanga, kama vile viungo vinavyotwangwa kinuni, na ambalo kutokana nalo, au kwa ujamaa nalo, tumepata fundi, funzo na mwanafunzi. Wahenga waliyaona mambo mawili haya kuwa mbalimbali lakini hayaachani, kwa kuwa mtoto aliyelelewa asifundwe hubaki punje, na aliyefundwa pasipo kulelewa huwa unga uliomwagika. Kadhalika hatukuridhika na kusalimu peke yake, tukawa na kuamkia, yaani kumwendea mkubwa asubuhi na kumpa heshima yake kabla ya jambo lolote, na hiyo shikamoo yetu, ambayo hufasiriwa kuwa ni kushika miguu, haijatimia mpaka ijibiwe marahaba. Mgeni huona hapo unyenyekevu wa mdogo tu. Aliyelelewa humo anajua kuwa marahaba ni deni: mkubwa aliyekwisha kuitikia amekubali mbele ya watu kuwa mtoto huyu ni wake kwa kiasi fulani, na kesho akimkuta anazurura saa za masomo hana ruhusa ya kujifanya hamjui. Ndiyo maana mtoto wa mtaa wa zamani alikuwa na baba wakubwa na baba wadogo, mashangazi na wajomba wengi kupita idadi ya ndugu wa wazazi wake, na kila jina kati ya hayo lilimwonyesha nini anachoweza kukitaraji kwa mtu yule na nini anachowiwa naye.

Emile Durkheim, Mfaransa aliyefariki mwaka 1917 na ambaye mafunzo yake juu ya elimu yalikusanywa katika kitabu mwaka 1922, aliieleza elimu kuwa ni kazi ambayo vizazi vya watu wazima huifanya juu ya wale ambao bado hawajawa tayari kwa maisha ya pamoja. Mtoto, kwa maoni yake, huzaliwa na nafsi yake peke yake, na jamii huongeza juu ya hiyo nafsi ya pili, iliyo ya watu wote. Katika kauli hii mna ukweli mwingi, lakini mna upungufu mmoja ambao naona ni mkubwa, nao ni kwamba njia aliyoichora ni ya upande mmoja tu, kutoka juu kushuka chini, kana kwamba wakubwa wamekwisha kukamilika na mdogo ni chombo kinachongoja kujazwa. Mama yeyote wa kwetu angaliweza kumsahihisha, maana siku alipojifungua mtoto wake wa kwanza jina lake mwenyewe lilibadilika, akaitwa Mama Fulani, naye na mumewe wakaanza kufunzwa na kichanga kisichojua kusema: kuamka usiku, kuacha maneno ya ovyo, kuwaendea akraba waliokuwa wamewanunia, kwa sababu mtoto anawahitaji.

George Herbert Mead, aliyekuwa akifundisha Chicago na ambaye wanafunzi wake walikichapisha kitabu cha mihadhara yake mwaka 1934, alikaribia zaidi. Yeye aliwatazama watoto wakicheza, akatofautisha michezo ya aina mbili: ule ambao mtoto hujifanya mtu mmoja, mara mama, mara muuza duka, na ule wenye kanuni, ambao mchezaji hawezi kuucheza ila awe na habari ndani ya moyo wake ya kazi ya kila mmoja wa wenziwe. Yeye alitaja mchezo wa besiboli wa Kimarekani, lakini kwetu kombolela yatosha kuwa ithibati. Jioni, jua likiisha kupoa, mmoja hufumba macho na kuhesabu, wengine hujificha nyuma ya mapipa na migomba. Na mzuri wa mchezo huo si yule ajifichaye mpaka asionekane tena, bali yule anayejua ni lini mtafutaji amekwenda mbali, nani amekwisha kukamatwa, na kwa hiyo ni lini atoke mbio kuwakomboa wenziwe. Katika mchezo huu hapana mzee aliyesimama kuamua. Wanahirimu hufundana wenyewe kwa wenyewe, kwa ukali ambao hapana mwalimu awezaye kuufikia, kwani adhabu yao ni kukataliwa kucheza. Na si mchezo tu wanaofundana, ila hata lugha, kama ilivyo katika mitaa ya mashariki ya Nairobi ambako vijana walijitungia Sheng, na mzazi aliyemfundisha mwanawe maneno ya kwanza hujikuta akimwuliza maana ya maneno anayorudi nayo nyumbani.

Kutoka mkekani mtoto wa pwani alikwenda chuoni. Alichukua ubao wake, akaandikiwa kwa wino uliotengenezwa kwa masizi, akaanza alifu kwa kijiti, kidole kikifuata herufi na sauti ikifuata sauti ya mwalimu. Aliyetangulia alimsikiliza aliyefuata, aliyefika Juzuu Amma alimshika mkono aliyekuwa bado na irabu, na somo likiisha kuhifadhiwa ubao ukaoshwa, ukawa tayari kwa jingine. Siku ya kuhitimu palikuwa na karamu, mwalimu akapewa ada yake, na mzazi akatembea mtaani kama mtu aliyelipa deni la miaka mingi. Sasa, jambo ambalo wakosoaji wamelishikilia tangu zamani ni kuwa mtoto huyu alisoma lugha asiyoifahamu. Lawama hii si ya Wazungu peke yao. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406, alitaja katika Mukadima yake rai ya Kadhi Abu Bakr ibn al-Arabi wa Andalusia, ya kwamba mtoto aanzishiwe Kiarabu na mashairi, kisha hesabu, ndipo apelekwe kwenye Kurani akiwa anaelewa asomacho. Akaisifu rai hiyo kuwa ni njema, walakini akasema kuwa desturi haiikubali, kwa kuwa watu hutaka baraka itangulie na huchelea kwamba mtoto akikua ataponyoka mikononi mwa wakubwa kabla hajalifikia lile lililo muhimu kuliko yote.

Mimi naona wote wawili walikuwa na haki, kila mmoja kwa lake. Maana ya maneno mtoto hakuipata, na hiyo ni hasara ambayo wengi wetu tumeilipia ukubwani. Lakini alipata mambo ambayo hayakuandikwa ubaoni: kukaa na watoto wa baba mwenye jahazi na wa baba mchukuzi juu ya jamvi moja, kungoja zamu, kumsahihisha mwenzake pasipo kumfedhehesha, kuteka maji ya mwalimu na kumchanjia kuni. Alipata kuwa mtu wa mahali fulani kabla ya kuelewa mahali pale pana maana gani, na sidhani kwamba ipo jamii duniani inayoingiza watoto wake kwa njia nyingine, kwani hakuna mtoto anayeulizwa kama anaridhia lugha ya mama yake.

Lililokuwa baya chuoni ni fimbo. Hapa nasema kwa uchungu, kwa kuwa mwalimu mmoja niliyesomeshwa naye, ambaye kwa elimu yake alistahili taadhima zote, alipiga kwa kosa la kusahau, na mimi nilijifunza kwake sanaa ya kutikisa midomo ndani ya sauti ya wenzangu ili nisitambulikane kuwa sijui. Baadaye sana nilikuta katika Ibn Khaldun yuleyule maelezo kwamba ukali juu ya wanafunzi, na hasa walio wadogo, huikaba nafsi, huiondolea uchangamfu, huifundisha uvivu, uwongo na hila, mpaka hila ikawa tabia. Na akaongeza kuwa mataifa yaliyotawaliwa kwa nguvu nayo huharibika vivyo hivyo. Nilipoisoma sehemu ile niliikumbuka midomo yangu ikitikisika, nikafunga kitabu.

Juu ya jando na unyago yameandikwa mengi, na mengine kwa tamaa ya kustaajabisha tu. Mwandishi ninayemwamini ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Dunda, karibu na Bagamoyo, ambaye habari zake za desturi za Waswahili zilichapwa Ujerumani mwaka 1903 na Carl Velten, kwa Kiswahili, na ambaye yeye mwenyewe alisomesha lugha yetu Berlin. Alieleza ya ngariba na kumbi, ya mwali na somo wake, kwa utulivu wa mtu anayeeleza nyumba aliyokaa. Mtaalamu wa mila Arnold van Gennep alionyesha mwaka 1909 kwamba mila za namna hii, kokote zilipo, hupitia hatua tatu, kutengwa, kukaa katikati, na kurudishwa. Na aliyewaona wari wakitoka kumbini, wamenyolewa na kuvishwa nguo mpya, hana haja ya dalili zaidi. Lakini ninalotaka kulisisitiza ni somo. Msichana alipovunja ungo hakufundwa na mamake mzazi, kwa kuwa haya baina yao ilizuia. Alipewa mwanamke mwingine, huyo somo au kungwi wake, ambaye tangu hapo alimwambia yasiyosemeka, akampeleka harusini, akasimama naye katika uzazi, na aghalabu akabaki kuwa mtu wake wa siri mpaka kufa. Wazee wetu walifahamu kwamba mapenzi ya wazazi hayatoshi kumtoa mtu nje ya nyumba yao, na kwamba lazima awepo mtu wa tatu wa kumvusha. Hata Mwana Kupona wa Pate, alipokuwa mgonjwa mnamo mwaka 1858 na akamtungia bintiye utenzi wa wasia ambao mpaka leo unasomwa, alikuwa akifanya kwa kalamu jambo ambalo ulimi wa mama kwa bintiye ungeliona zito.

Hapa ndipo pa kusema jambo ambalo tulilelewa kutolisema. Mtu aliyeletwa pwani kutoka bara akiwa mtumwa mpya aliitwa mjinga. Neno hili halikuwa tusi la akili. Maana yake ilikuwa mgeni asiyejua, aliyefika jana, asiyesema lugha, asiyefahamu maamkizi wala namna ya kuvaa. Akikaa, akajifunza, akasilimu, akapewa jina. Na mwanawe aliyezaliwa hapa akaitwa mzalia. Kwa hiyo mji ulikuwa na ngazi nzima ya kujifunza uenyeji, na kila aliyepanda daraja moja aliambiwa kwamba juu yake iko nyingine, ambayo ni uungwana, na ya kwamba hiyo haijifunziki kwa sababu inataka nasaba. Mtu huyo alitakiwa kujua adabu zote za sinia, ila kwenye sinia hakuwa na fungu. Kichwa chake kilikuwa wazi pale waungwana walipovaa vilemba na kofia. Mkewe alivaa kaniki pale waungwana walipojifunika. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 katika zama za Sayyid Barghash, hali ya utumwa ikaondolewa katika sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Na mara tu mlango ulipofunguka, wanawake waliokuwa wakivaa kaniki walivaa kanga za rangi na buibui, wakatembea barabarani. Wako waliowacheka kuwa wanajifanya. Mimi nawaona kuwa ndio waliokuwa wanafunzi bora kuliko wote wa mji ule, kwa kuwa walikuwa wameujua kwa ukamilifu kwa miaka mingi wakisubiri ruhusa ya kuwamo.

Na mji wenyewe ulifunzwa na watu hao, bila ya kukiri. Katika Mombasa, mafunzo ya wari yenye ngoma na nyimbo yaliletwa kwa sehemu kubwa na wanawake wa kitumwa waliotoka nchi za Wayao na Wanyasa, yakachezwa kwanza miongoni mwao wenyewe, kisha pole pole mabinti wa waungwana wakafundwa kwayo, na mwanamke ambaye hakuwa na nasaba ndiye aliyekuwa kungwi wa mwenye nasaba, akijua siri zake zote. Unguja nako unyago una asili hiyo ya bara, na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa kungwi mwenye sifa kama alivyokuwa mwimbaji. Yule aliyeitwa mjinga ndiye aliyewafunda wajukuu wa waliomwita hivyo. Durkheim hakuwa na habari hii, na naamini angalikuwa nayo asingalisema kwa uhakika ule kwamba maarifa ya kuwa mtu hushuka kutoka juu.

Shule ya serikali ilikuja na kengele, mistari na daftari la mahudhurio, nayo iliwapa watoto wa watu wengi mlango ambao nyumba zao zisingaliweza kuwafungulia, sitaki kuidhulumu. Lakini ilimpangia mtoto mahali pa namna ngeni, yaani namba katika mtihani, mahali ambapo mwenzako akipanda wewe umeshuka. Mwalimu Julius Nyerere aliliona hilo kwa macho makali katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alipoandika kuwa elimu ya mkoloni haikukusudiwa kuwatayarisha vijana kwa ajili ya nchi yao, na kwamba ilimtenga mwanafunzi na wale aliokusudiwa kuwatumikia. Akataka kila shule iwe jumuiya yenye shamba au karakana, wanafunzi na walimu pamoja, wanaoishi kwa jasho lao na wanaoamua pamoja nini kifanyike na mazao. Katika maandishi yote ya kwetu juu ya malezi, sijui mengine yaliyolisogelea sinia kiasi hicho.

Lakini katika shule niliyosoma mimi jembe lilikuwa adhabu. Aliyechelewa alilima, aliyepiga kelele alilima, na mihogo ilipokomaa hatukujua ilikokwenda. Wazo la Mwalimu lilitaka mambo mawili, kazi na fungu, na sisi tulipewa moja. Na tukajifunza vizuri sana kile tulichofundishwa, yaani ya kwamba mali ya wote ni mali ambayo mtu huitokea jasho kwa kulazimishwa na huliwa na asiyeonekana. Nikisikia leo watu wakilalamika kuwa wananchi hawajali vya umma, bomba likivuja hupita, taa ya barabarani ikivunjwa hunyamaza, siwezi kusema kuwa hawakufundwa. Walifundwa, na shamba la shule lilikuwa miongoni mwa makungwi wao.

Si watoto peke yao wanaofundwa kuwa wenyeji. Baada ya Sultani Qaboos kushika utawala wa Oman mwaka 1970, watu wengi wenye asili ya huko waliozaliwa Unguja, Pemba na bara ya Afrika Mashariki walirejea, wengine wakiwa watu wazima wenye watoto, wasioweza kuandika barua ya Kiarabu. Walikuwa na elimu ambayo nchi ile iliihitaji sana wakati huo, wakapata kazi maofisini na katika mashule. Na hapo naona hoja yangu ikisimama, kwa kuwa walipewa kazi kwanza na lugha ikafuata. Mtu wa miaka arubaini alijifunza upya namna ya kufunga kilemba, ya kuuliza habari kwa mfululizo mrefu kabla ya kutaja shida, ya kunywa kahawa na kukitikisa kikombe akiwa ametosheka; na jioni, mlango ukiisha kufungwa, alirudi kwenye Kiswahili chake na mchuzi wake wa nazi. Watu wa namna hii huulizwa mara kwa mara wao ni wa wapi hasa. Wanaowauliza hudhani mtu ana sinia moja tu.

Limebaki jambo la wanawake, ambalo sisi waandishi wanaume tunalipita kwa kuwa lilitendeka nyuma ya pazia. Tulipokuwa mkekani tukijifunza kupokea fungu, dada zetu walikuwa jikoni wakijifunza kugawa, na naamini lao lilikuwa somo kubwa zaidi. Msichana mwenye kupakua huwa na hesabu ya nyumba nzima kichwani: nani ana meno mabovu apewe laini, nani anaumwa asipewe pilipili, jirani gani leo hapakuonekana moshi kwake, na kabla ya sahani ya mwisho huweka kando chakula cha asiyekuwapo, akakifunika kawa, kwa sababu aliye kazini au safarini yumo katika hesabu kama aliye mkekani. Wengi wetu tumeujua upendo kwa mara ya kwanza tukirudi usiku na kukuta sahani imefunikwa.

Sahani hiyo hunikumbusha kisa cha mbali. Mwaka 1800, katika jimbo la Aveyron kusini ya Ufaransa, alikamatwa mvulana aliyekadiriwa kuwa na miaka kumi na moja au kumi na mbili, asiyesema, ambaye kwa dhahiri alikuwa ameishi porini peke yake. Walimpeleka Paris, na tabibu kijana aitwaye Jean Itard akampa jina la Victor, akafanya kazi naye kwa miaka kadhaa kwa subira isiyo ya kawaida, akitaka hasa kumfundisha kusema. Hakufaulu. Victor alijifunza kutamka neno la maziwa, lakini alilitamka aghalabu akiisha kupewa maziwa, kama sauti ya furaha, wala hakulitumia kuombea. Na mpaka alipofariki mwaka 1828 hakupata kuzungumza. Kwa kipimo cha Durkheim, na kwa kipimo cha Itard mwenyewe katika saa zake za huzuni, kazi ilipotea.

Lakini Victor alikuwa akikaa kwa mwanamke mmoja, Bibi Guérin, aliyemtunza, na nyumbani humo alikuwa na kazi yake, kuandaa meza kwa chakula. Ikatukia kwamba mume wa bibi huyo aliugua, akafariki. Victor, wakati wa chakula ulipofika, akaandaa meza kama kila siku, na akaweka sahani ya marehemu mahali pake. Mjane alipoiona akaangua kilio. Kijana yule asiyejua kusema akamtazama, akafahamu kuwa yeye ndiye aliyemliza, akaiondoa sahani, akairejesha kabatini kwa huzuni, na tangu siku ile hakuiweka tena.